Rula, rada au Dopla? Kuchagua kipimo cha kimo na mtiririko kwenye Nile yenye mabwawa

Mto usio na bwawa ukipanda sentimita 10, maji yameongezeka. Kwenye Nile Victoria, yaani Nile inayotoka Ziwa Victoria nchini Uganda, kuanzia Jinja hadi Karuma, hesabu hiyo haikubali kila mahali. Chini tu ya mabwawa ya Nalubaale na Kiira pale Jinja mto unaingia kwenye bwawa la Bujagali, na kimo cha maji hapo kinaamuliwa zaidi na ukuta ulio kilomita 8 hivi mbele kuliko maji yanayoachiwa Jinja. Mtiririko unaweza kupanda sana na rula ya mto (bati lenye alama za sentimita lililosimamishwa majini) isioneshe kitu. Unaweza pia kubaki vilevile na rula ikapanda, kwa kuwa Bujagali wamepunguza mitambo.

Kwa hiyo anayeanza kwa kuuliza "rada au kihisi cha shinikizo?" ameanza katikati. Swali la kwanza ni kama mahali anapopima, kimo peke yake kinaweza kumwambia mtiririko. Kama hakiwezi, hata rada ya bei ghali kabisa itampa namba sahihi ya kitu asichokihitaji.

Mahali pa kupimia

Ziwani au nyuma ya ukuta, kimo kinatosha, kwa sababu kinachotafutwa ni akiba ya maji. Jinja ndiyo mfano mkubwa. Kabla ya bwawa la Owen Falls (sasa Nalubaale) kukamilika mwaka 1954, miamba ya maporomoko ya Ripon ndiyo iliyokuwa ikipima maji yanayotoka ziwani. Miamba ilipoondolewa, ukuta uliendeshwa kwa makubaliano ya Uingereza, iliyotawala Uganda wakati huo, na Misri kwamba uachie maji kama vile miamba bado ipo. Huo ndio Mstari wa Makubaliano, na kwa fomula unaandikwa hivi: mtiririko = 66.3 × (h − 7.96)^2.01, ambapo h ni kimo cha rula ya Jinja kwa mita na jibu ni mita za ujazo kwa sekunde.

Ukiweka h = 12.00 unapata kama 1,097. Ukiweka 12.01 unapata kama 1,103. Sentimita moja ya rula, basi, ni mita za ujazo 5.5 kwa sekunde, na rula iliyozama sentimita 2 kwa sababu nguzo yake imetitia inapotosha hesabu kwa 11. Upande wa ziwa kosa hilo ni kubwa zaidi. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na sentimita 1 juu yake ni mita za ujazo milioni 688, yaani wiki nzima ya maji yanayotoka Jinja kwa kasi ya 1,100. Upepo nao husukuma maji upande mmoja wa ziwa kwa sentimita kadhaa. Usomaji mmoja wa asubuhi haufai kitu hapo. Chukua wastani wa siku nzima, kisha ulinganishe na vituo vingine vya ziwa kama Entebbe, Kisumu na Mwanza.

Sehemu ya pili ni kipande cha mto kinachotiririka huru, chenye mwamba au poromoko chini yake linaloshika kimo. Hapo unaweza kutengeneza jedwali la kimo na mtiririko na kulitumia kwa miaka, mradi unalihakiki. Lakini hata hapo usilale. Baada ya mvua za El Niño za 1997/98, mafunjo yanayoelea yaliziba mlango wa kutokea maji wa Ziwa Kyoga. Ziwa likapanda na kufurika, ilhali kupanda huko hakukuwa na maana kwamba maji mengi zaidi yanapita kuelekea Masindi Port. Jedwali lolote lililotengenezwa kabla ya kizibo lilikuwa limekwisha kazi siku hiyo.

Sehemu ya tatu ni pale maji yanaposukumwa nyuma na bwawa la mbele, kama kati ya Jinja na Bujagali, au mkia wa bwawa la Isimba. Hapo tupa wazo la jedwali. Unahitaji kupima mwendo wa maji moja kwa moja, au kupata namba za mitambo.

Sehemu ya nne husahaulika. Karuma, maji ya mitambo yanaingia chini ya ardhi na kurudi mtoni kupitia mahandaki ya zaidi ya kilomita 8. Kati ya ukuta na mahali mahandaki yanapotokea, mto unabeba maji yaliyobaki tu. Daraja la barabara ya Kampala kwenda Gulu liko kwenye kipande hicho. Linavutia, kwa kuwa rada inaning'inia vizuri na barabara ipo. Ukifunga hapo utakuwa unapima maji yaliyoachwa kwa ajili ya mazingira pamoja na yanayomwagwa, si Nile nzima. Kama kazi yako ni kuhakiki maji ya mazingira, ni mahali pazuri. Kama unataka mtiririko wa mto, shuka chini ya matokeo ya mahandaki.

Vifaa vya kimo

| | Rula ya mto | Boya kisimani | Kihisi cha shinikizo | Rada |
|---|---|---|---|---|
| Usahihi | sm 1 maji yakitulia | mm 3 hadi 5 | 0.1% ya upeo: sm 1 kwa kihisi cha m 10 | mm 2 hadi 5 |
| Ujenzi | nguzo na saruji | kisima cha zege, ghali | bomba la chuma ukingoni | mkono wa chuma darajani |
| Kinachoharibu | mti unaoelea, msomaji anayebuni namba | tope kwenye bomba la kuingilia | unyevu kwenye mrija, radi, tope | magugu maji, nyigu, wizi wa paneli |
| Hudumu bila kuguswa | siku 1 | miezi 2 hadi 3 | miezi 3 | miezi 6 |

Rula haiondolewi hata ukiwa na vyote vingine. Ndiyo inayokuambia kama kihisi kimeanza kudanganya. Iwe ya bati lililopakwa enameli, vipande vya mita 1 vyenye alama za sentimita, na ifungwe kwa kupimwa kwa leveli kutoka alama ya kudumu iliyo juu ya mafuriko. Rudia upimaji huo kila mwaka, na kila baada ya gogo kubwa kuigonga.

Tatizo la rula kwenye mto wenye mabwawa ni saa. Desturi ni kusoma mara 2, saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Umeme unahitajika zaidi kuanzia saa 1 jioni, na hapo ndipo mitambo hufunguliwa. Rula inayosomwa mchana tu inaweza kukosa wimbi la jioni mwezi mzima na wastani wake ukaonekana mtulivu kabisa. Kuna na kosa la pili, la nyumbani kabisa. Msomaji anaandika "saa 3" kwa hesabu yetu (Waganda nao huhesabu hivyohivyo), karani wa ofisini anaingiza 03:00. Namba ya saa 3 asubuhi imehamia usiku wa manane, saa 6 nyuma. Kwenye mto wa kawaida kosa hilo halionekani kabisa. Kwenye Nile ya Jinja linageuza mchoro mzima. Chapisha daftari lenye safu ya "asubuhi/alasiri/jioni" na safu ya saa 24, zote mbili zijazwe.

Boya kwenye kisima ni kifaa kizuri cha zamani, na pale kisima kipo tayari, kirekebishe ubadilishe kalamu na karatasi kwa kirekodi cha kidijitali. Kujenga kisima kipya leo hatushauri. Gharama ya zege peke yake inanunua rada.

Mjadala halisi uko kati ya shinikizo na rada, na tutakaa hapo kidogo.

Kihisi cha shinikizo kinapima uzito wa maji juu yake pamoja na uzito wa hewa. Hewa lazima iondolewe. Aina yenye mrija wa hewa ndani ya waya inaondoa yenyewe, lakini mrija huo ukiingia unyevu, namba zinaanza kuhama polepole bila kelele. Kuna kikopo chenye punje za kukausha unyevu mwishoni mwa waya. Punje zikibadilika rangi, badilisha siku hiyohiyo. Wakati wa masika usipitishe miezi 2 bila kukagua. Aina isiyo na mrija inahitaji kifaa cha pili cha kupima hewa, kiwekwe kivulini karibu na mto, na muda wa vifaa hivyo viwili ufanane.

Anayenunua aina hiyo bila kipima hewa ili kuokoa fedha anaingia mtego ambao nchi za baridi hawaujui sana. Karibu na ikweta shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara 2 kila siku, juu mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti ni hektopaskali 3 hadi 4, na hektopaskali 1 ni takriban sentimita 1 ya maji. Mchoro wako utaonesha mto ukipanda sentimita 3 au 4 mara mbili kwa siku, kwa saa zilezile, kama mitambo inayofunguliwa na kufungwa. Sasa kwenye mto ambao mitambo kweli hufunguliwa na kufungwa, utatofautishaje? Hutaweza. Ukiiingiza kwenye fomula ya Jinja, unabuni mita za ujazo 20 kwa sekunde zisizokuwepo.

Rada haiguswi na maji, kwa hiyo tope, mwani na kiboko si shida zake. Inatuma mawimbi chini na kupima umbali. Mwale wake unatanuka: rada yenye mwale wa nyuzi 12, ikining'inia mita 10 juu, inaona duara la mita 2 hivi. Ndani ya duara hilo kusiwe na nguzo, ukingo wala jiwe. Adui wake Uganda ni magugu maji na visiwa vya mafunjo. Rada inapima uso wowote unaopita, na zulia la magugu lenye kimo cha sentimita 30 litaandikwa kama mto uliopanda ghafla sentimita 30. Zulia likikwama kwenye nguzo ya daraja, kosa linadumu wiki. Aprili 2020 kisiwa kimoja kilifika hadi Nalubaale na kuzima umeme wa nchi nzima, hivyo usidhani ni jambo la nadra la kupuuza. Chagua upinde wa daraja wenye maji ya kasi, mbali na ukingo ambao upepo husukumia magugu.

Kwa vyote viwili, kirekodi kisome kila sekunde kwa sekunde 60 na kuhifadhi wastani, kila dakika 15. Karibu na ukuta wa bwawa shusha hadi dakika 5. Saa ya kirekodi iwe ya Afrika Mashariki au ya kimataifa, lakini iandikwe ipi kwenye kifuniko cha sanduku, maana tofauti yake ni saa 3.

Uamuzi wetu: palipo na daraja na magugu hayakai, chukua rada. Penye magugu au pasipo daraja, chukua shinikizo lenye mrija wa hewa. Kipima kwa mapovu ya gesi kinafanya kazi vizuri pia, ila vipuri vyake na kompresa vinasumbua kuvipata.

Vifaa vya mtiririko

Kipima mkondo chenye propela ndicho wengi walichofundishwa. Unagawa mto kwenye mistari wima 20 hadi 25, kila mmoja usibebe zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Unapima kwenye 0.2 na 0.8 ya kina, au 0.6 penye kina kifupi, sekunde 40 hadi 60 kila mahali. Hesabu muda: mistari 25 kwa dakika 5 kila mmoja ni zaidi ya saa 2. Ukianza saa 11 jioni, ukingo wa kwanza umepimwa mitambo ikiwa chini na ukingo wa mwisho mitambo ikiwa juu. Jibu si la saa yoyote. Kifaa chenyewe ni kizima, ila ni kizito mno kwa mto unaobadilika kila saa. Kitumie kwenye vijito na mifereji ya umwagiliaji.

Dopla ya sauti inayovutwa na boti inavuka Nile kwa dakika 5 hadi 10. Inatuma sauti majini na kusikiliza mwangwi kutoka kwenye chembe zinazosafiri na maji, na njiani inapima kina. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, ndiyo maana ni bora wilaya au taasisi kadhaa zitumie moja. Utaratibu usiorukwa:

1. Sawazisha dira ya kifaa ukiwa umeshakifunga botini, si ukiwa ufukoni. Injini ya boti na nanga za chuma huivuruga.
2. Fanya jaribio la sakafu ya mto inayosogea: ama simama mahali pamoja dakika 5 au zaidi, ama fanya mzunguko uende na kurudi. Kama mchanga wa chini unasafiri, kifaa kinadhani boti inapanda mto, na mtiririko unaandikwa pungufu. Katika hali hiyo tumia GPS kwa mwendo wa boti.
3. Vuka mara 4, mbili kila upande, jumla ya muda isipungue sekunde 720. Mvuko mmoja ukitofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, tafuta sababu kabla ya kurudia.
4. Piga simu chumba cha udhibiti cha bwawa kabla ya kuingia majini. Omba mzigo wa mitambo usibadilishwe kwa saa 1, na uandike wamekuambia nini na saa ngapi. Simu hiyo ni ya usalama wenu pia.

Lakini boti haikai mtoni usiku na mchana. Kwa rekodi ya mfululizo kwenye maji yaliyosukumwa nyuma unahitaji Dopla ya pembeni, inayofungwa ukingoni na kutazama upande wa pili. Yenyewe haipimi mtiririko. Inapima mwendo wa kipande kimoja cha maji, na wewe unatengeneza uhusiano kati ya mwendo huo na wastani wa mto mzima kwa kuipimia na Dopla ya boti. Vipimo 10 ndivyo vya kuanzia, na lazima viguse mitambo ikiwa chini, katikati na juu, kimo kikiwa cha chini na cha juu. Watu hupima mara 10 wiki moja, mchana, mto ukiwa uleule. Hivyo ni kipimo kimoja kilichorudiwa mara 10. Kosa lingine ni kuifunga juu sana: kimo kikishuka, mwale unagonga uso wa maji na namba zinakuwa takataka. Isafishe mwani kila mwezi.

Rada ya mwendo wa uso ni ya bei nafuu zaidi na haiingii majini. Unazidisha mwendo wa uso kwa 0.85 hivi kupata wastani wa kina. Kwenye maji ya kasi yenye mawimbi madogo ni nzuri. Kwenye bwawa tulivu lenye upepo wa ziwa inapima upepo. Kwa hiyo pale hasa unapohitaji mwendo zaidi, ndipo inapokuangusha.

Kuna njia ya tano isiyohitaji kununua kifaa, nayo ni namba za mitambo yenyewe. Mtiririko = nguvu ÷ (9.81 × 1,000 × anguko × ufanisi), ambapo nguvu ni kwa wati na anguko ni tofauti ya kimo cha maji juu na chini ya mtambo, kwa mita. Mtambo unaotoa megawati 40 kwa anguko la mita 20 na ufanisi wa 0.90 unapitisha mita za ujazo 227 kwa sekunde hivi. Jumlisha mitambo yote na milango ya kumwagia maji. Jinja ujumlishe Nalubaale na Kiira zote mbili. Namba hizi ni za kila dakika na hazijali maji ya kusukumwa nyuma. Udhaifu wake ni chujio la taka: likijaa magugu, nusu mita ya anguko inapotea kabla ya maji kufika kwenye mtambo. Anayehesabu kwa kimo cha bwawa anakosea kwa asilimia 2.5. Ufanisi nao hushuka turbini inapozeeka, ilhali jedwali la kiwandani halibadiliki. Anayezipata namba hizi azihakiki kwa Dopla ya boti mara 2 kwa mwaka. Asiyezipata aombe kwa maandishi kupitia Wizara ya Maji na Mazingira.

Setilaiti zimekuwa zikipima Ziwa Victoria tangu TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, kila siku 10 hivi, na data ni ya bure. Kwa ziwa inafaa sana kuhakiki rula. Kwa mto wenye mawimbi ya saa chache haifai.

Mito midogo yenye mitambo, kama Mubuku kule Kasese, ni hadithi nyingine. Mawe makubwa na maji yanayotibuka na kutoa povu hayapimiki kwa Dopla. Hapo tumia chumvi ya kawaida, kilo 1 hadi 2 kwa kila mita ya ujazo kwa sekunde unayokisia, imwagwe kwa mkupuo, na kipima upitishaji umeme kiwekwe chini mahali maji yamekwisha kuchanganyika.

Nani achukue nini

Kamati ya wavuvi au waendesha boti chini ya ukuta: hamhitaji mtiririko, mnahitaji kujua maji yanapanda kwa kasi gani. Rada ya dakika 5, au kihisi cha shinikizo pasipo daraja, pamoja na modemu ya simu na king'ora kinacholia kimo kikipanda zaidi ya kiasi mlichokubaliana ndani ya dakika 15. Weka rula ileile mbele ya macho ya watu.

Mradi wa umwagiliaji au pampu ya maji ya mji: kihisi cha shinikizo chenye mrija, mita 10, pamoja na rula. Kinachowagusa ni kama mdomo wa pampu utabaki ndani ya maji.

Ofisi ya bonde la mto inayotaka mtiririko: kwenye kipande huru, rada ya kimo na vipimo 6 vya Dopla kwa mwaka. Nyuma ya bwawa lingine, Dopla ya pembeni pamoja na namba za mitambo, na zilinganishwe kila wiki. Zikitofautiana, umbo la tofauti ndilo linaloonesha pa kutazama. Tofauti inayokua polepole siku hadi siku ni mwani kwenye Dopla au unyevu kwenye mrija. Tofauti ya ghafla inayobaki ni gogo, au mlango wa maji ambao haukuandikwa. Tofauti inayokuja mara 2 kwa siku saa zilezile ni shinikizo la hewa. Na ikitokea tu jioni mitambo inapofunguliwa, kisha ikageuka upande wa pili inapofungwa, angalia kwanza saa ya kirekodi.